Barua ya wazi kwa wakubwa wa mkoa na mazingira: bwawa msilipime mwezi wa nane

Waheshimiwa wakubwa wetu wa mkoa wa Mwanza, wakurugenzi wa halmashauri zote zinazogusa ziwa, watu wa mazingira, watu wa bonde la maji, na nyie maafisa ardhi na mipango miji, shikamooni. Na kwa wenzangu wa huku kwetu, mwangaluka.

Mimi ni fundi nyavu. Naziba na kushona nyavu hapa mwaloni mwaka wa 19 sasa, kazi nimeichukua kwa marehemu baba. Sina cheo chochote na naandika kwa simu nikiwa nimekaa juu ya nyavu za watu, kwahiyo mtaona nimeandika kama ninavyoongea. Jambo langu ni moja tu. Mkitaka kujua bwawa lina nini ndani nendeni mvua ikiwa imenyesha, nendeni usiku, na nendeni zaidi ya mara moja. Mkilipima mwezi wa nane mchana kweupe mtaandika "eneo kavu" na viumbe waliomo mtakua mmewazika wakiwa hai. Sikuzi maneno, nimeona kwa macho yangu.

Nyuma ya mtaa wetu, upande wa kaskazini ya jiji, kulikua na bwawa. Sio lambo la kuchimbwa, ni bonde tu katikati ya miamba, si mnajua mawe yetu ya Mwanza, maji ya mvua yanajikusanya pale kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa sita hivi, pembeni kuna matete, na upande wa chini linaungana na mafunjo mpaka ziwani. Ikifika mwezi wa nane limekauka, udongo umepasuka nyufa ambazo mkono unazama mpaka kwenye kiwiko na watoto wanachezea mpira pale pale. Mwaka juzi mwezi huo huo wakaja watu watatu na gari, saa sita mchana, wakapiga picha, wakauliza mwenye eneo ni nani, wakazunguka kama dakika arobaini wakaondoka. Baadae kwenye mkutano wa mtaa tukasomewa karatasi kwamba eneo ni kavu, halina mimea wala wanyama wa kuzingatia, linafaa kujazwa kifusi na kukatwa viwanja. Nikanyoosha mkono nikasema jamani lile ni bwawa, nikajibiwa fundi, hilo limeshapimwa. Sitaji mtaa wala ofisi maana sitafuti ugomvi na mtu, waliohusika wakisoma hapa watajijua.

Wiki mbili baadae likaja katapila kukwangua tope la juu kabla ya tipa kuanza kumwaga moramu. Nilikua nimesimama pale na watoto wawili wa jirani. Bonge moja la tope likaviringika likapasuka, nikaona kama jiwe, nikasogea, sio jiwe ni kobe maji. Upana wake kama sahani ya chai, gamba rangi ya udongo wenyewe, shingo ameikunja ubavuni, maana hawa hawaingizi kichwa moja kwa moja ndani kama kobe wa nchi kavu, wanailaza shingo pembeni chini ya ukingo wa gamba kama mtu aliyelalia mkono wake. Macho yamefumbwa. Nikammwagia maji ya kunywa niliyokua nayo kwenye chupa, tukakaa tunamwangalia, mtoto mmoja akasema huyu kafa, alafu akafumbua jicho moja. Yaani alikua amejichimbia mle tangu maji yalipoisha, anasubiri mvua kama mkulima. Siku ile tuliokota wanne. Wawili wazima, mmoja kajeruhiwa mguu, na mmoja blade ilimpitia gamba likafunguka katikati. Wale watatu niliwabeba kwenye ndoo nikaenda kuwaachia kwenye bwawa lingine lililobaki upande wa pili wa barabara. Huyo wa nne nilimfukia mwenyewe. Na hao ni wale tuliowaona sisi tuliosimama upande mmoja, bonde lile halipungui urefu wa uwanja wa mpira na kifusi kilimwagwa kote.

Sasa mtaniuliza fundi nyavu anajuaje habari za kobe. Mwaka 2016 walikuja wanafunzi wa chuo na mwalimu wao kutafuta vyura na kobe kwenye mabwawa ya huku, wakaja kwangu niwatengenezee mitego kisha nikaishia kuwashikia tochi kwa muda wa miezi kadhaa. Mtego wenyewe ni kimia cha duara chenye ringi tatu za chuma, mdomo unaingia ndani kama faneli ili akishapita asirudi, chambo ni dagaa kwenye kopo lililotobolewa na msumari. Niliushona vizuri sana nikaufunga uzame wote kama tunavyofanya kwenye samaki. Yule mwalimu akaniambia hapana fundi, kobe anavuta hewa kama wewe, ukizamisha wote unamkuta asubuhi amekufa. Ikabidi tufunge chupa tupu za soda mbili kwa juu ziwe maboya, nusu ya mtego ibaki nje ya maji. Nilikaa kimya siku ile nikikumbuka kobe wote ambao tumewatoa kwenye nyavu za ziwani wakiwa wamekufa tukawatupa pembeni bila kujiuliza wamekufa na nini. Wamekufa kwa kukosa pumzi.

Nikajifunza pia kwamba tunaowaita kobe maji sio wa aina moja. Yule wa bwawani, wa kwenye tope, tumbo lake ni gumu moja kwa moja. Yupo sehemu nyingi za Afrika na duniani hahesabiki kwamba yuko hatarini, nasema ukweli maana sitaki mtu aje aseme fundi anatia chumvi. Lakini kuna wa pili ambaye anakaa ziwani na kwenye mafunjo, huyu sehemu ya mbele ya gamba la tumbo ina bawaba. Ukimshika anavuta kichwa na mikono alafu anafunga ule mlango taratibu mpaka unasikia tap. Jina lake la kisayansi ni Pelusios williamsi, wataalamu walimwandika mwaka 1965, na hana kwao kwingine duniani zaidi ya maji ya ukanda huu wetu, Victoria, Edward, Albert na mito na mabwawa yanayozunguka huko. Tanzania ndo ina karibu nusu ya ziwa lote. Maana yake huyu mnyama akipotea upande wetu hakuna wa kuja kutukopesha mwingine.

Na vyura. Kuna yule chura wa majini mwenye utelezi, macho yanaangalia juu, hana ulimi, na miguu ya nyuma ana kucha tatu tatu nyeusi kama za paka. Mnamfahamu, watoto wanamvua kwa kikapu. Anaitwa Xenopus victorianus, na aliyempa jina mwaka 1924 alimwandika kutokana na vyura waliotoka Busisi. Busisi hii hii tunayovukia kwenye daraja. Watu wa mbali wanaandika jina la Busisi kwenye vitabu vyao kwa sababu ya chura, na sisi tunapita juu na magari hatujui. Alafu kuna wale wadogo wa kwenye matete, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ana mistari utadhani kachorwa na mtu, usiku wanaimba mia mia kwa pamoja inakua kama mtu anatikisa trei ya glasi. Tochi ikiwapiga wananyamaza wote mara moja, unazima, unahesabu mpaka ishirini, wanaanza tena mmoja mmoja. Hivyo ndo wanavyopimwa wakubwa zangu, unakaa gizani na saa na daftari unasikiliza nani anaimba na wangapi, alafu asubuhi unapitisha kimia kidogo pembeni kutafuta mayai na viluwiluwi, unapima kina cha maji, unaandika matete yamebaki kiasi gani, unarudi mwezi unaofuata. Mtu aliyekuja saa sita mchana mwezi wa nane angesikia nini?

Kitu kingine ambacho nakiomba mkiweke moyoni, kuona kobe wakubwa sio kuona kizazi. Kobe anaishi miaka mingi sana na anachelewa kuzaa, kwahiyo bwawa linaweza kuwa na wazee kumi wanaota jua kwenye mawe kila siku na mtu akaandika "wapo wengi", kumbe miaka kumi na tano hakuna mtoto hata mmoja aliyepona. Ni kama kijiji chenye mabibi na mababu watupu, kelele zipo lakini shule imefungwa. Anayepima lazima atafute wadogo. Asipowaona wadogo huyo ndo alarm, sio sababu ya kufunga daftari.

Na wadogo wanapotea wapi? Wanapotea kwenye mayai. Kobe maji hatagi majini. Anatoka, anapanda nchi kavu, anachimba kwenye udongo wenye jua anafukia mayai anarudi. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito, na mimi naiheshimu sana ile sheria, bila hiyo mafunjo yote yangekua bichi na loji saa hizi. Lakini kule Marekani kuna kobe wa mabwawa wa upande wa magharibi, California mpaka Washington, wamempima wakakuta jike anaweza kwenda mpaka mita 400 kutoka kwenye maji kutafuta pa kutagia. Mita 400! Wa kwetu huku sijui wanakwenda umbali gani na ndio maana naomba wapimwe, maana ukiweka ukuta wa tofali mita 61 kutoka kwenye maji sheria umeifuata lakini kwa kobe umemfungia mlango wa leba.

Alafu hizo mita 60 zinaanzia wapi? Mwaka 2020 mwezi wa tano ziwa lilipanda likapita hata rekodi ya mwaka 1964, na 2024 likapanda tena. Mliona wenyewe, nyumba za watu zilizama, mialo ikahamishwa, sisi tulishonea nyavu juu ya meza za samaki. Bikoni zilizowekwa maji yakiwa chini zilikutwa ziko ndani ya ziwa. Maji yakirudi nyuma anatokea mtu na karatasi anasema hapa ni nchi kavu. Ziwa linapumua. Mpaka wake hauwezi kuwa mstari uliopigwa siku moja.

Wale wa Marekani hawajafikia kupima kwa sababu ni watu wema kuliko sisi. Walichelewa. Jimbo la Washington walikuja kushtuka kobe hao wamebaki kama 150, mabwawa yamefukiwa na waliobaki watoto wao wanaliwa na chura mkubwa ambaye waliomleta ni binadamu kutoka upande wa mashariki ya nchi ili wamfuge kwa ajili ya nyama. Mwaka 1991 ikabidi waanze kuchukua watoto wa kobe wakiwa wadogo kama sarafu, wawalee kwenye zuu mpaka wakue wasiingie mdomoni mwa chura, ndo wawarudishe bwawani. Wanafanya hivyo mpaka leo hii, miaka zaidi ya thelathini. Sasa piga hesabu mwenyewe, sisi tuna bajeti ya kulea kobe miaka thelathini au tuna tochi na daftari?

Na wala tusiende mbali, Kihansi ni hapa hapa nchini kwetu. Wote tulisikia habari za chura wa Kihansi watu wakizifanya utani. Yule chura aligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi wa umeme umeshaanza kujengwa, alikua anaishi eneo la hekta 2 tu duniani kote, pale ambapo maporomoko yanarusha manyunyu. Mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo yalipungua kama asilimia 90, manyunyu yakakata. Ikabidi vyura 499 wapandishwe ndege kwenda Marekani, wafungwe mabomba ya kunyunyizia maji kule bondeni, na bado mwaka 2003 wale waliobaki wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa vyura ulikutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa wameisha porini. 2012 ndo wakaanza kurudishwa. Umeme nchi iliuhitaji, megawati 180 sio kitu cha kubeza na sisemi usingejengwa. Nasema tu kama mtu angekwenda na tochi miaka mitano kabla ya injinia, mabomba ya manyunyu yangekua kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Huo ugonjwa wa kuvu niuongelee kidogo maana unatuhusu. Unasafiri kwenye maji na matope. Mtu akitoka bwawa hili na mabuti yenye tope akaingia lile, au mvuvi wa chambo akikokota kimia kutafuta kambale wadogo hapa kisha akahamia kule, anaweza kuubeba bila kujua. Wale wa chuo kila tukitoka bwawa moja tulisugua mabuti na vimia kwa brashi, tunapitisha dawa ya klorini, tunaacha vikauke kabisa juani. Ilikua inanichosha kiukweli, saa saba usiku unasugua buti, lakini baada ya kuelewa nikawa wa kwanza kushika brashi. Yeyote mtakayemtuma kupima mumpe na brashi.

Kwahiyo ninachoomba. Kwanza kabla kibali chochote cha kujaza bonde, kuchimba mchanga au kukata viwanja karibu na maji hakijasainiwa, pawepo kipimo cha msimu wa mvua na cha kiangazi, vyote viwili, na cha mvua kiwe na usiku ndani yake. Ripoti ya mwezi mmoja isikubaliwe hata kama ina mihuri kumi. Pili orodha ya mabwawa. Halmashauri zina ramani za viwanja mpaka namba ya kitalu, lakini mabwawa ya msimu hayamo, kwenye ramani ni sehemu nyeupe tu na ndo maana yanauzwa. Wapeni wenyeviti wa mitaa na vijiji karatasi wayaorodheshe, kuanzia Kayenze na Igombe huku mpaka Luchelele, mpaka majaruba ya Magu kule mto Simiyu unapoingia ziwani, wao wanayajua yote kwa majina, kila bwawa lina jina la mzee fulani au la mti. Na mkishaorodhesha mchague yale yanayoungana, maana bwawa moja lililozungukwa na kuta ni kaburi lenye maji, kobe na chura wanahitaji njia ya kutoka hili kwenda lile pale linapokauka.

Tatu ni hili la hadhi. Nchi yetu iliingia mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000 na tuna maeneo manne yaliyoandikishwa, Malagarasi, Natron, Kilombero, na la nne ni lile la Rufiji, Mafia mpaka Kilwa. Yote yanastahili. Ila kwa Ziwa Victoria upande wetu hakuna hata moja. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika! Siwaambii kesho mwandikishe lote, nawaambia kipimo kikifanyika vizuri mtakua na karatasi ya kuanzia.

Na mtuhusishe sisi wa mwaloni. Kila siku kuna kobe anaingia kwenye wavu wa mtu. Tukipewa mtu mmoja wa kupokea taarifa na namba ya simu, mvuvi atapiga picha gamba la juu na la tumbo, ataandika wapi na saa ngapi, atamwachia. Kwa mwaka mmoja mtakua na data ambazo kwa gari na mafuta mngezitafuta miaka kumi. Hatuhitaji posho kwa hilo, labda bando la wiki.

Najua kuna watu wanahitaji viwanja. Mimi mwenyewe nimepanga, nina watoto watatu na chumba kimoja na sebule, sitaki mtu aseme fundi anapenda vyura kuliko watu. Lakini wale waliojenga kwenye lile bwawa letu masika iliyopita maji yaliingia ndani mpaka usawa wa godoro, maana maji ya mvua hayajui kwamba bonde limebadilishwa jina. Mama mmoja pale alinifuata akaniuliza, hivi fundi, hapa zamani palikua na nini? Nikamwonyesha kwa mkono, matete yalikua hapa, kobe walikua wanaota jua pale kwenye jiwe ambalo umeanikia nguo.

Bwawa lililobaki ni lile la upande wa pili wa barabara, nilipowaachia wale watatu. Sasa hivi limekauka na wiki iliyopita nimeona limechorwa chokaa nyeupe pembeni kwenye mawe. Vuli inakaribia. Ikinyesha mvua ya kwanza kubwa, kesho yake saa mbili usiku nitakua pale kwenye jiwe la juu na tochi mbili, moja yangu na moja ya mgeni yeyote kutoka ofisi zenu atakayekuja, na brashi ya mabuti ninayo. Anayetaka kuja aulize mwaloni fundi nyavu anakaa wapi, wote wananijua.

Wabheja sana.

Fundi nyavu, Mwanza